HESABU ZA VITA ZILIVYOFIKA KWENYE ZAHANATI

Ndugu msomaji, unapompeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati, tabibu huandika jina la mtoto katika daftari. Huandika umri wake, kijiji chake, ugonjwa wake na dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Wenye malaria walikuwa wangapi? Wenye kuhara wangapi? Hesabu hiyo inakwenda wilayani. Huko inatazamwa wakati wa kupanga fedha na dawa za mwaka unaofuata.

Kuhesabu wagonjwa ni jambo la zamani. Lakini kuna jambo jingine ambalo si la zamani sana. Ni kuchukua hesabu hizo, kuzilinganisha na fedha zilizopo, na kuuliza: je, tunatumia fedha yetu pale inapookoa watu wengi zaidi? Kazi hiyo leo inaitwa uchambuzi wa sera. Sera ni njia ambayo serikali imechagua kuifuata katika jambo fulani. Kuchambua unakujua: ni kama mama anavyochambua maharage kwenye ungo, mabovu huku, mazuri kule.

Sasa ajabu ni hii. Namna hii ya kuchambua ilipata nguvu vitani. Hebu tufuate njia yake, tangu bahari ya Ulaya mpaka Morogoro, Rufiji na hata huku kwetu Kagera. Ndugu zetu wa Nyantakara na wa vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara wataona kwamba habari hii inawahusu.

NYAMBIZI NA MABOMU

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Wazee wengi wa Tanganyika waliingia jeshi la Keya, na baadhi yao walipelekwa mbali mpaka Burma kupigana na Wajapani. Hao habari zao zinajulikana. Sisi leo tunasema habari za watu ambao hawakushika bunduki. Walishika kalamu.

Uingereza ni kisiwa. Chakula na mafuta yake vililetwa kwa meli. Wajerumani walikuwa na nyambizi, yaani manowari zinazozama na kusafiri chini ya maji. Nyambizi hizi zilizamisha meli nyingi mno. Nchi ilikaribia kukabwa koo.

Waingereza walipeleka ndege baharini kuzitafuta nyambizi. Ndege ikiiona nyambizi inaangusha bomu. Bomu hilo halikulipuka juu ya maji. Lilitegwa lizame kwanza futi 100, ndipo lilipuke. Mbona futi 100? Kwa sababu wakubwa walifikiri hivi: nyambizi itaiona ndege mapema, itazama haraka, kwa hiyo bomu lilipuke chini sana.

Mawazo hayo ni mazuri kusikia. Lakini mabomu hayakuua nyambizi nyingi.

Basi wakaitwa wataalamu. Mmoja alikuwa Patrick Blackett, mtaalamu wa elimu ya fizikia, ambaye baadaye mwaka 1948 alipata tuzo ya Nobel. Mwenzake mmoja, Evan Williams, alikaa na taarifa za marubani. Alizisoma moja moja. Mlipoangusha bomu, nyambizi ilikuwa wapi? Ilikuwa imezama kwa muda gani?

Akagundua jambo. Nyambizi iliyowahi kuiona ndege na kuzama sana, ilikuwa pia imekwenda pembeni. Rubani hakujua tena iko wapi. Bomu la namna hiyo lilikuwa la bahati nasibu tu. Nyambizi ambazo rubani alizipata barabara ni zile zilizokuwa bado juu, au ndiyo kwanza zinazama. Na hizo bomu la futi 100 lilizipita likalipukia chini, mbali nazo!

Wakasema: tega bomu lilipuke karibu na uso wa maji. Mwishowe lilitegwa futi 25. Hakuna bomu jipya lililobuniwa. Hakuna ndege iliyoongezwa. Lakini nyambizi zilizopigwa ziliongezeka sana, hata mabaharia wa Kijerumani waliotekwa walidhani Waingereza wamepata baruti mpya yenye nguvu kubwa. Kumbe mtu alikaa mezani akasoma taarifa.

Kazi hii waliita utafiti wa operesheni. Msomaji usichanganye. Hapa operesheni si ya kupasuliwa hospitali, wala si Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Maana yake ni shughuli ya jeshi. Walichunguza shughuli yenyewe jinsi inavyofanyika, badala ya kutafuta silaha mpya.

BOMA LA NG'OMBE

Kuna hesabu nyingine ya Blackett ambayo mfugaji ataielewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Meli za mizigo zilisafiri kwa makundi, zikizungukwa na meli za kivita za kuzilinda. Wakubwa waliogopa makundi makubwa. Walisema kundi kubwa litaonekana kwa urahisi na litapata hasara kubwa. Blackett na wenzake wakafungua vitabu vya mwaka 1941 na 1942. Katika makundi madogo, yenye wastani wa meli 32, zilizama meli 25 katika kila 1,000. Katika makundi makubwa, yenye wastani wa meli 54, zilizama meli 11 tu katika kila 1,000.

Inakuwaje? Fanyeni jaribio hili darasani kwenu, nje penye uwanja. Chukueni kamba yenye urefu wa hatua 10. Fungeni ncha moja kwenye kigingi. Mtu ashike ncha ya pili, azunguke huku akichora mstari chini. Hilo ni boma. Ukipima ukingo wake kwa miguu, utapata hatua 63 hivi. Sasa chukueni kamba ya hatua 20, mchore boma la pili. Ukingo wake ni hatua 126 hivi. Fito za kujenga ukingo zimeongezeka mara mbili. Lakini nafasi ya ndani imeongezeka mara nne! Kama boma la kwanza lilienea ng'ombe 50, la pili litaenea 200.

Fisi anaingilia ukingoni. Walinzi mnaowapanga ukingoni, mkiwaongeza mara mbili, wanalinda ng'ombe mara nne. Na fisi wakiingia, idadi wanayoweza kukamata usiku mmoja ni ileile, hata kama ng'ombe ndani ni wengi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa meli. Makundi yakafanywa makubwa zaidi.

NDEGE ZISIZORUDI

Huko Marekani nako wataalamu wa hesabu walikusanywa. Mmoja wao aliitwa Abraham Wald. Alizaliwa Ulaya, akakimbia mateso ya Wanazi kwa sababu alikuwa Myahudi, akafika New York.

Ndege za vita zilikuwa zinarudi na matundu ya risasi. Matundu yalihesabiwa. Mengi yalikuwa kwenye mabawa na kiwiliwili. Kwenye injini yalikuwa machache. Jeshi lilitaka kuongeza mabamba ya chuma ili ndege zisiangushwe. Lakini chuma ni kizito, huwezi kufunika ndege nzima. Je, chuma kiwekwe wapi?

Simama hapa kidogo, msomaji. Usisome mbele. Wewe ungesemaje?

Wengi wetu tungesema: weka chuma penye matundu mengi. Tulipouliza swali hili katika madarasa ya jioni, karibu wote walijibu hivyo, na mwalimu pia.

Wald aliona vingine. Ndege zilizohesabiwa ni zile zilizorudi. Ndege iliyorudi na matundu kwenye bawa inatuonyesha kwamba bawa likitobolewa, ndege bado inaweza kufika nyumbani. Risasi za adui zilipiga kila mahali. Kama injini zina matundu machache katika ndege zilizorudi, ni kwa sababu zilizopigwa kwenye injini hazikurudi. Ziko chini ya bahari. Basi chuma kiwekwe kwenye injini.

Wald aliandika hesabu hizi mwaka 1943. Mwenyewe alifariki mwaka 1950 katika ajali ya ndege huko India. Tunaomba msomaji aliweke akilini jambo hili la ndege zisizorudi, maana tutalihitaji mbele.

KARANGA ZA KONGWA

Vita viliisha. Watu waliozoea mambo ya vita wakaleta nguvu yao katika kazi za amani. Na hapa Tanganyika iliona mfano mkubwa, lakini mfano wa kusikitisha.

Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 watu watatu walitumwa kutazama kama karanga zinaweza kulimwa Afrika ya Mashariki kwa mashine. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Wakaandika mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Kazi ikaanza mwaka 1947.

Waliifanya kama vita. Wanajeshi wa zamani waliandikwa kazi. Matrekta yalitoka katika mabaki ya majeshi, na vifaru vingine vikageuzwa kuwa matrekta. Mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matrekta mawili ili kung'oa miti. Mibuyu iliwashinda. Udongo wa Kongwa, ukikauka, ni mgumu kama sakafu, ulikula majembe ya chuma. Mvua nazo zilikuwa chache. Wagogo walikuwa wamekaa na ukame huo miaka na miaka, lakini mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaacha. Pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwenda, na karanga zilizopatikana zilikuwa kidogo mno.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu watu wengine wakisikia habari za wataalamu na hesabu wanadhani kila penye tarakimu pana ukweli. Mpango wa karanga ulijaa tarakimu. Ulichukua vyombo vya vita, ukaacha swali la Williams: hebu niambieni, mambo yenyewe huko yakoje? Bomu lilitegwa futi 100 tena.

KUTOKA JESHINI KWENDA WIZARANI

Marekani ndiyo iliyoichukua kazi hii na kuipeleka katika serikali nzima. Mwaka 1948 liliundwa shirika huko California liitwalo RAND, la kulifanyia jeshi la anga utafiti. Mwaka 1961 Robert McNamara akawa Waziri wa Ulinzi. Yeye wakati wa vita alikuwa akifanya hesabu za jeshi la anga, halafu akafanya kazi katika kampuni ya magari ya Ford. Akaagiza kwamba kila silaha inayoombwa ionyeshe: itagharimu nini, itafanya kazi gani, na je, kuna njia nyingine ya kufanya kazi hiyohiyo kwa fedha kidogo? Mwaka 1965 Rais Johnson akaamuru wizara nyingine nazo zifanye hivyo, za afya, za elimu na za kilimo.

Vyuo vikuu vikaanza kufundisha somo hilo. Ndipo likapata jina la uchambuzi wa sera.

Halikwenda vizuri kote. Karatasi zilikuwa nyingi mno, na kufika mwaka 1971 amri ile ilikuwa imeachwa. Na huko Vietnam, jeshi la McNamara lilipima ushindi kwa kuhesabu maiti za adui. Maafisa waliotaka sifa walitia chumvi. Hesabu zilionyesha ushindi, vita vikaendelea kushindwa.

McNamara alihamia Benki ya Dunia, akaiongoza tangu mwaka 1968 mpaka 1981. Kwetu Tanzania nako njia hizi zilikuwa zinaingia. Mwaka 1972 Serikali ilipopeleka madaraka mikoani, ilitumia ushauri wa kampuni ya Marekani iitwayo McKinsey. Hatutakaa sana hapo. Mfano ulio bora zaidi ulikuja baadaye, na ulihusu watoto.

SHILINGI 100 ZA MOROGORO

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilishirikiana na kituo cha utafiti cha Kanada kiitwacho IDRC. Wakaanzisha mradi ulioitwa kwa kifupi TEHIP, katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. Swali lao lilikuwa hili: wilaya ikijua kwa hakika watu wake wanakufa kwa nini, na ikapewa uwezo wa kupanga fedha kufuatana na hali hiyo, je, vifo vitapungua?

Ilibidi kwanza kujua watu wanakufa kwa nini. Na hapa tunarudi kwenye ndege za Wald. Daftari la zahanati lina majina ya waliofika. Lakini vijijini watu wengi walifia nyumbani. Mtoto aliyezikwa nyuma ya nyumba bila kufika zahanati siku zile za mwisho hayumo katika daftari. Yeye ni ndege isiyorudi. Ukipanga dawa kwa kutazama daftari peke yake, unaweka chuma kwenye mabawa.

Basi wahesabuji wakapita nyumba kwa nyumba. Huko Rufiji walirudi kila baada ya miezi minne. Nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki? Penye kifo, walikaa na wafiwa na kuuliza kwa upole: alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alikuwa anapumua vipi, mlimpeleka wapi. Madaktari wakasoma majibu hayo na kukadiria ugonjwa uliomuua.

Halafu walihesabu miaka iliyopotea. Mzee wa miaka 70 akifariki, ni msiba. Mtoto wa mwaka 1 akifariki, ni msiba, na pia miaka mingi ambayo angeishi imekwenda naye.

Tuseme kwamba fedha zote za afya za Morogoro mwaka 1996 zilikuwa shilingi 100, na miaka yote iliyopotea kwa magonjwa ilikuwa 100. Katika miaka hiyo 100, malaria ilichukua 30. Malaria ilipewa shilingi ngapi? Shilingi 5. Kifua kikuu kilichukua miaka isiyofika 4, lakini kilipewa shilingi 22.

Jamani, hakuna aliyekaa akasema watoto wa malaria wafe. Fedha zilifuata mazoea ya mwaka uliopita na matakwa ya wafadhili, ambao kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Wala hatusemi kifua kikuu kiachwe. Mgonjwa wa kifua kikuu asipotibiwa anaambukiza wengine. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameweka orodha mbili, ya fedha na ya vifo, juu ya meza moja.

Mradi uliwapa viongozi wa afya wa wilaya michoro. Mstari mrefu, ugonjwa mkubwa. Mstari mfupi, ugonjwa mdogo. Karibu yake mistari ya fedha. Mtu aliyejua kusoma tarakimu aliona kosa kwa dakika moja. Fedha za nyongeza zilikuwepo, mpaka dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, lakini wilaya ziliweza kutumia senti 80 hivi tu za dola. Kwa fedha hiyo ndogo walifanya nini? Walifundisha wauguzi kumpima mtoto mzima: homa yake, kifua chake, tumbo lake, lishe yake, badala ya kutibu kile alicholetewa tu. Walihimiza vyandarua. Walipeleka dawa kufuatana na magonjwa ya mahali. Walinunua redio za mawasiliano na kutengeneza majengo.

Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 kwa kila 100. Kulikuwa na sababu nyingine pia, kwa mfano vyandarua vilikuwa vikienea nchini. Lakini punguzo hilo ni kubwa, na wageni wengi walikuja kutoka nje kujifunza.

WALIOSEMWA VIBAYA

Liko jambo moja katika habari za Rufiji ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko michoro ile.

Kwa miaka mingi viongozi na wataalamu walisema kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu ya wazazi. Eti mama wa kijijini mtoto akishikwa na degedege anakimbilia kwa mganga wa kienyeji, na zahanati anakuja baadaye, au haji. Hata katika mikutano yetu maneno hayo yamesemwa mara nyingi, na akina mama wakainamisha vichwa.

Watafiti wa Rufiji walikuwa na taarifa za vifo vya kati ya mwaka 1999 na 2001. Wakachukua vifo 320 vilivyotokana na malaria, wakauliza: huyu alipelekwa wapi kwanza? Jibu liliwashangaza. Karibu 79 katika kila 100 walitafutiwa kwanza matibabu ya kisasa. Wazazi walikuwa wamefanya vile walivyoambiwa. Lakini mtoto alifariki hata hivyo.

Kwa nini? Hapo maswali yanageuka. Je, dawa ilikuwepo? Ilikuwa na nguvu? Kwa kweli wakati huo klorokwini, dawa tuliyoizoea, ilikuwa imeshindwa na malaria. Serikali iliiacha mwaka 2001, na baadaye, mwishoni mwa mwaka 2006, ikaleta dawa ya mseto. Je, mtoto alipimwa vizuri? Aliambiwa arudi lini? Kituo kikubwa kilikuwa umbali gani, na usafiri?

Angalia tofauti. Kama kosa ni la mama, kazi ya serikali ni kuhubiri. Kama mama alifika na mtoto akafa, kazi ya serikali ni kutengeneza zahanati. Fedha zinakwenda njia mbili tofauti kabisa. Na kabla ya kuwauliza wafiwa wenyewe, hakuna aliyejua ni njia ipi. Wengi walijua kwa kudhani.

KWETU KAGERA

Huku kwetu nako wahesabuji walifika. Wasomaji wenye umri wa kutosha huenda wanawakumbuka. UKIMWI ulitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, katika Mkoa huu wa Kagera. Watu wazima walikuwa wanakufa, na mashirika yalitaka kusaidia. Lakini wasaidie nani? Kila nyumba yenye msiba? Yatima peke yao? Nyumba maskini tu?

Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na chuo cha afya cha Muhimbili walitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, zikiwemo za Ngara na Biharamulo. Kaya nyingi zilitembelewa mpaka mara nne. Waliuliza chakula, mashamba, mifugo, shule na vifo. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba pigo la kifo cha mtu mzima halikuwa sawa kwa wote. Kaya zenye uwezo ziliyumba. Kaya maskini zilipunguza chakula.

Mwaka 2004 watafiti walirudi. Hapa ndipo walipofanya kazi ya kusifiwa. Ingekuwa rahisi kuhesabu wale waliowakuta palepale kijijini na kufunga daftari. Lakini watu walikuwa wamehama, wameolewa, wamefuata kazi. Basi waliwafuata, katika vijiji vingine, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Katika kila kaya 100 za mwanzo, walipata angalau mtu mmoja wa kaya 93. Kaya zile zaidi ya 900 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700.

Na waligundua nini? Waliohama kijiji chao cha mwanzo, matumizi yao yalikuwa yamepanda kupita ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Tofauti ilikuwa kama 36 kwa 100. Kama wasingewafuata, wangeandika nafuu ndogo kuliko ile iliyokuwepo. Wangeona ndege zilizo kiwanjani tu. Safari hii zile zisizorudi ndizo zilizokuwa na nafuu zaidi. Mwaka 2010 walifuatwa tena.

Sasa turudi kwenye daftari la zahanati. Katika kijiji yapo madaftari mawili. Moja liko kwa tabibu, lina majina ya waliofika. La pili liko kwa viongozi wa kitongoji na kijiji, nalo linatakiwa kuwa na wakazi wote, waliozaliwa na waliofariki. Mara nyingi hayakutani. Kamati ya afya ya kijiji inaweza kuyaomba yote mawili siku moja, kabla mpango wa mwaka haujapelekwa wilayani. Mtu anayejua kusoma, na ninyi wasomaji wetu mnajua, asome majina ya watoto waliofariki mwaka huo. Mwingine ayatafute katika daftari la tabibu. Yule ambaye jina lake halimo, wazazi wake waulizwe kwa upole: alianza kuumwa lini? Na yule ambaye jina lake limo, waulizwe: mlipofika, mlipewa nini? Majibu yaandikwe, na karatasi hiyo ifuatane na mpango.